Jinsi ninavyotafuta riwaya za fantasia zenye wanawake wanaopenda wanawake

Haya, karibuni tena wapendwa. Leo mtaona mikono yangu, meza na simu tu. Niko Moshi, na pale dirishani Kibo ingeonekana, ila mawingu yameshuka tangu asubuhi. Tuendelee.

Wengi mmenifuata inbox na swali lile lile: dada, unavipata wapi vitabu vya majoka, falme na uchawi ambamo mwanamke anampenda mwanamke mwenzake, na bado ni mtu kamili? Ndiyo leo. Nitakavyovitaja vyote nimevisoma kwa Kiingereza.

Kufungua simu na kuingia mtandaoni mnajua, naruka.

Kwanza, neno la kutafutia. Ukiandika "fantasia" peke yake utaletewa wanaume wenye panga mpaka uchoke. Ongeza neno la Kiingereza "sapphic", yaani la wanawake wanaopenda wanawake. Linatokana na Sappho, malenga wa kike wa kisiwa cha Lesbos, Ugiriki ya kale. Angalieni kioo: s, a, p mbili, h, i, c. P mbili! Na ukimaliza, tazama tena kabla hujabonyeza, maana simu inapenda kukusahihisha. Yangu iliwahi kuligeuza kuwa "sapphire", yaani yakuti, nikaletewa vitabu vya vito kana kwamba naelekea Mererani. Haya, nabonyeza... inazunguka. Mtandao wa leo huu. Wakati tunasubiri niwaambie kitu.

Kuna wanaosema fantasia ni mambo ya Wazungu. Bibi yangu alinisimulia kuwa Mawenzi alizidi kwenda kuomba moto kwa Kibo, mpaka Kibo akakasirika na kumtwanga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongoka vile. Milima inayogombania moto! Mtu aliyelelewa chini ya hadithi hiyo hawezi kuwa mgeni kwenye fantasia.

Imefunguka. Majina ni mengi, msikimbilie la juu.

Pili, na hapa nitakaa. Kipimo changu ni hiki: mtoe mpenzi wake kwenye hadithi, halafu uangalie kama anabaki mtu. Ana kazi? Ana deni, hasira, kitu anachokitaka hata kama asingependwa na yeyote? Chukua Baru, kwenye The Traitor Baru Cormorant ya Seth Dickinson, 2015. Ni mhasibu. Kisiwa chao kimemezwa na dola, naye anaingia ndani ya dola hiyo hiyo ili aivunje, na silaha yake ni hesabu: kodi, madeni, thamani ya fedha. Moyo wake uko kwa wanawake, na katika dola hiyo jambo hilo linaadhibiwa vibaya, kwa hiyo kila hatua ana viwili vya kuficha. Nilikisoma siku tatu. Ila kisomeni mkiwa na moyo mgumu, nimewaambia mapema.

Au Touraine, kwenye The Unbroken ya C. L. Clark, 2021. Alichukuliwa mtoto, akafanywa askari wa wakoloni, sasa anarudishwa kuikandamiza nchi aliyozaliwa. Nchi yenyewe imebuniwa kwa kuitazama Afrika Kaskazini. Anampenda binti wa kifalme wa upande ule ule wa wakoloni. Ukimtoa binti huyo, Touraine bado ana maswali yake mwenyewe: anapigania nani, na lugha yake ni ipi? Huyo ndiye mhusika aliyeumbwa.

Samahani, jogoo wa jirani. Ngoja nisogeze kamera, naona kivuli changu kimeziba kioo chote. Hapo. Mnaona sasa?

Tatu, nawaomba mnisikilize vizuri. Kabla hujalipa, jua kama wote wawili wanabaki hai. Kabla hujalipa! Kuna mazoea ya zamani ya kuwaua wanawake hawa mwishoni. Mwaka 1872 Sheridan Le Fanu alitoa Carmilla, mnyonya damu wa kike anayemtamani msichana, miaka 25 kabla ya Dracula, na mwisho Carmilla anapigwa mti kifuani. Mwaka 1991 Jewelle Gomez akaandika The Gilda Stories: msichana mweusi anatoroka utumwa Louisiana mwaka 1850, anakuwa mnyonya damu, anapenda wanawake, na hadithi inamfuata mpaka 2050. Miaka 200 anaishi. Nilipokimaliza nilikaa kimya jikoni hadi chai ikapoa.

Sasa namna ya kuuliza. Tafuta mtu aliyekisoma, umuulize swali la ndiyo au hapana: "Wote wawili wako hai ukurasa wa mwisho?" Basi, usiongeze. Usiulize "kinaishaje?" Mimi niliuliza hivyo, nikaandikiwa aya nne, nikapoteza raha ya kitabu nilichokisubiri mwezi mzima. Narudia: ndiyo au hapana. Na msisome maoni marefu ya wasomaji, mwisho mara nyingi umejificha humo humo.

Kuna programu inaitwa StoryGraph, bure. Fungua ukurasa wa kitabu, shuka... siyo hapo, hayo ndiyo maoni, rudi! Rudi juu. Hapa. Wasomaji wamejibu kama wahusika wamekuzwa vizuri, na kama hadithi inaendeshwa na visa au na wahusika. Mimi nachagua ya wahusika. Wewe ukipenda vita, chagua visa.

Nne, sampuli. Ni bure, pakua, soma kurasa za mwanzo. Nimefungua The Jasmine Throne ya Tasha Suri, 2021. Priya, mtumishi anayeficha uchawi wake, na Malini, binti wa kifalme aliyefungwa na kaka yake. Muangalieni Priya anavyojali watoto wagonjwa kabla hata hajakutana na Malini. Kipimo kimepita.

Kwa wanaosoma vitabu vya karatasi ndani ya daladala: haya majalada ya kitenge nashona mwenyewe, elfu nane. Yanafunika jina lote la kitabu, hakuna atakayekuuliza unasoma nini. Hili la kijani linaingia hata The Priory of the Orange Tree, yenye zaidi ya kurasa 800. Tazameni ninavyolivisha: upande wa nyuma kwanza, vuta, halafu... ah, umeme umekatika. Simu ina chaji asilimia nne. Kwenye maoni hapo chini andikeni jina la kitabu tu, msitaje majina ya watu, na mimi nitajibu ndiyo au hapana.