Eti Kijijini Maisha ni Nafuu: Mshahara wa Mwalimu wa South Dakota

MWANAISHA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Mwanaisha, na hapa studio leo niko na mwenzangu Kombo. Kaka Kombo, salama?

KOMBO: Salama, Mwalimu. Za tangu juzi?

MWANAISHA: Nzuri. Ila ile video uliyonitumia imeninyima usingizi.

KOMBO: Ile ya walimu kwenye barafu.

MWANAISHA: Hiyo hiyo. Wasimulie wasikilizaji, maana mimi nikisimulia nitapandisha sauti.

KOMBO: Ilikuwa Desemba 2021, mjini Sioux Falls, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la South Dakota, Marekani. Ndiko nilikokaa miaka sita nikiendesha basi la shule. Kulikuwa na mechi ya hoki ya barafuni. Wakati wa mapumziko wakatandika zulia katikati ya uwanja, wakamwaga juu yake noti za dola moja moja, jumla dola 5,000. Wakaletwa walimu kumi wamevaa helmeti. Walipoambiwa haya, wakapiga magoti wakaanza kuzoa. Wengine wanazishindilia ndani ya shati, noti zinadondoka, wanaziokota tena. Watu majukwaani wanashangilia.

MWANAISHA: Na pesa zenyewe ni za nini?

KOMBO: Za vifaa vya darasani. Mshahara hautoshi, na bado mwalimu anatoa mfukoni kununua karatasi na vitabu vya watoto. Jambo hilo limezoeleka Marekani mpaka sheria ya kodi ya taifa ina kipengele chake: mwalimu anaruhusiwa kuondoa kiasi fulani kwenye hesabu ya kodi, mwaka 2022 kilikuwa hadi dola 300, kwa ajili ya alivyovinunua mwenyewe.

MWANAISHA: Yaani serikali inajua.

KOMBO: Inajua na imeandika. Ile video ilipoenea, kelele zikawa nyingi, waandaaji wakaomba radhi na kila mwalimu akaongezewa dola 500. Lakini nia yao ilikuwa kusaidia, naamini hivyo. Walidhani wanatenda wema.

MWANAISHA: Hapo ndipo nilipoumia. Mimi nimefundisha miaka kumi na moja, Kombo. Mwalimu akiingia darasani, watoto husimama. Sasa mtoto aliyekuwa pale jukwaani na baba yake, Jumatatu anamtazama mwalimu wake kwa jicho gani? Haya, tuambie kuhusu jimbo lenyewe. Ni maskini?

KOMBO: Si maskini. Ni jimbo la mashamba na ng'ombe, mahindi, soya. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 886,667, hawafiki milioni moja, kwenye ardhi ya karibu kilomita za mraba laki mbili. Kutoka Sioux Falls mashariki hadi Rapid City magharibi ni zaidi ya kilomita 500, na njiani unaona nyasi na anga tu. Jimbo hilo kwa karibu miaka thelathini lilikuwa la mwisho, au mkiani kabisa, kwa mshahara wa mwalimu Marekani nzima. Na kila ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: huku kijijini maisha ni nafuu, kwa hiyo mwalimu hahitaji zaidi.

MWANAISHA: Ngoja. Hapo nisimame kidogo, maana mimi kazi ya kwanza nilipangiwa Tana River. Kenya ina kitu kinaitwa posho ya mazingira magumu. Ukipelekwa Tana River, Turkana, Mandera, unaongezewa juu ya mshahara. Sababu ni kwamba maisha kule ni ghali na magumu kwa mtu aliyeajiriwa. Nilikuwa nanunua maji kwa mtungi. Sukari niliyoiacha Mombasa kwa bei fulani, kule duka ni moja, mwenye duka anajua huna pa kwenda. Kwenda benki ni bodaboda, kisha matatu, siku nzima imekwisha. Ile posho haikutosha, tulilalamika sana, lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi: anayekwenda mbali alipwe zaidi.

KOMBO: Na South Dakota wazo limepinduliwa: uko mbali, basi ulipwe kidogo.

MWANAISHA: Sasa msikilizaji wa Kwale atauliza: kwani si kweli kwamba nyumba kijijini ni rahisi?

KOMBO: Nyumba ni kweli. Kodi ya nyumba iko chini ukilinganisha na Chicago au New York, na bei kwa jumla ziko chini ya wastani wa taifa. Sikatai. Lakini mshahara hauliwi na nyumba peke yake. Gari linauzwa bei ile ile popote. Betri, matairi ya theluji, bima ya afya, deni la chuo, yote hayo hayajui kwamba wewe unakaa kijijini. Deni la chuo hasa. Mwalimu amesoma chuo kikuu miaka minne kwa mkopo, na mwenye kumdai hampunguzii kwa sababu amekwenda kufundisha watoto wa wakulima.

MWANAISHA: Na usafiri?

KOMBO: Usafiri wa umma nje ya miji mikubwa karibu hakuna. Bila gari hufiki kazini, hufiki dukani, hufiki hospitali. Kuna watu wanaendesha saa nzima kwenda kununua chakula. Halafu majira ya baridi, Mwalimu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kuwasha basi, baridi nyuzi 25 chini ya sifuri, pumzi inaganda kwenye ndevu. Nyumba za nje ya mji zinapashwa moto kwa gesi inayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi uani. Tangi likiisha Januari, huwezi kusema nitanunua mwisho wa mwezi.

MWANAISHA: Mwisho wa mwezi utakuwa umeganda.

KOMBO: Kabisa. Na hata hiyo nyumba rahisi, wakati mwingine haipo. Vijiji vimezeeka, hakuna anayejenga. Kuna wilaya za shule, hasa kwenye maeneo ya Walakota, wenyeji wa asili wa huko, ambazo zimelazimika kuwa na nyumba zao za kupangisha walimu, la sivyo hakuna anayekuja.

MWANAISHA: Nyumba za walimu! Hilo tunalijua. Haya, tupige hesabu. Mwalimu analipwa ngapi?

KOMBO: Kabla ya 2016 wastani ulikuwa dola 40,000 na ushei kwa mwaka. Mwaka 2024 wakapitisha sheria kwamba kuanzia Julai 2026 kima cha chini kiwe dola 45,000. Gawa kwa kumi na mbili.

MWANAISHA: Dola 3,750 kwa mwezi. Najua kuna mtu amesikia hapo akasema hao wanalia nini, mimi ningezipata hizo ningejenga ghorofa.

KOMBO: Namwelewa, na mimi nilikwenda na akili hiyo. Lakini dola unazipata kule na unazitumia kule kule. Kabla hazijakufikia kuna kodi ya taifa, hifadhi ya jamii, pensheni, mchango wa bima ya afya. Mimi vyumba viwili nililipa karibu dola 900 bila umeme. Ukiwa na mtoto mdogo, wa kumlea mchana ukiwa kazini anakula karibu kiasi hicho hicho. Ongeza gari, mafuta, deni. Nilichokuwa nabaki nacho kilikuwa cha chakula, na chakula chenyewe kinatozwa kodi.

MWANAISHA: Chakula kinatozwa kodi? Unga?

KOMBO: Unga, maziwa, mayai, mkate. Majimbo mengi ya Marekani yameondoa kodi ya mauzo kwenye chakula cha dukani, South Dakota haijaondoa. Na hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole. Jimbo lile halina kodi ya mapato. Tajiri mwenye benki na mwalimu, wote mapato yao jimbo haligusi. Kwa hiyo shule zinaendeshwa kwa kodi ya ardhi na majengo, na kwa kodi ya mauzo. Mwaka 2016 gavana alikuwa Dennis Daugaard. Huyu mwaka 2011 alikuwa amekata bajeti, elimu ikiwemo, na walimu hawakumpenda. Lakini akaunda kikosi cha kuchunguza, kikazunguka jimboni, ikaonekana wazi kwamba vijana hawataki tena ualimu na waliopo wanavuka mpaka. Akageuka. Akapeleka mswada wa kupandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 4 hadi 4.5, lengo likiwa wastani wa mshahara ufike dola 48,500.

MWANAISHA: Nampa heshima yake. Mwanasiasa kubadili msimamo hadharani si jambo dogo.

KOMBO: Nami nampa. Kupandisha kodi kule kunahitaji theluthi mbili ya wabunge. Kura ya kwanza haikutosha, ikarudiwa, ikapita. Nakumbuka asubuhi ile nikishusha watoto, walimu mlangoni wanakumbatiana. Mishahara ikapanda kweli, jimbo likatoka nafasi ya mwisho. Kisha polepole likaanza kuteleza kurudi.

MWANAISHA: Kwa nini?

KOMBO: Kwa sababu majirani nao hawakulala. Halafu sheria yao inasema pesa za jimbo kwa shule zinaongezwa kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei au asilimia 3, kile kilicho kidogo. Bunge linaweza kuzidisha likitaka, na kuna miaka limezidisha. Lakini sasa Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1. Sheria yenyewe inakuahidi 3.

MWANAISHA: Kwa hiyo bei zikipanda kidogo unapewa kidogo, zikipanda sana unapewa tatu.

KOMBO: Ndiyo. Na angalia, nyongeza yenyewe ya 2016 ilitoka wapi? Kwenye kodi ya mauzo, pamoja na ya maziwa na mkate. Mwaka 2023 wakaishusha hadi 4.2. Miji mingi inaongeza 2 yake, jumla ikawa 6.2. Kwa kiwango hicho, familia inayonunua chakula cha dola 800 kwa mwezi inalipa karibu dola 50 za kodi juu yake, karibu 600 kwa mwaka. Mwalimu anajichangia nyongeza yake mwenyewe kila akinunua mayai.

MWANAISHA: Na hawakujaribu kuiondoa kwenye chakula?

KOMBO: Walipiga kura Novemba 2024, wananchi wakaikataa. Na wengi walioikataa waliogopa jambo hilo hilo: hizo pesa zikiondoka, shule zitaendeshwa na nini? Ukishafunga mlango wa kodi ya mapato, unabaki kuwagombanisha mama mwenye kikapu na mwalimu wa mtoto wake.

MWANAISHA: Hapo umenigusa. Maana hata huku kwetu, mwalimu akigoma, anayeambiwa awe adui yake ni mzazi. Lakini nikuulize kwa upande wa pili. Labda jimbo la watu wachache haliwezi tu. Watu hawafiki milioni, watoto wametawanyika.

KOMBO: Swali la haki. Mtazame jirani yao wa magharibi, Wyoming. Watu wachache zaidi hata ya South Dakota, vijiji vitupu zaidi, na kodi ya mapato nako hakuna. Lakini mwalimu wa Wyoming amekuwa akilipwa vizuri zaidi kwa mbali. Wana makaa ya mawe, mafuta na gesi, na waliamua sehemu ya pesa hizo iende shule. South Dakota haina makaa hayo, kweli. Ila hoja ya kwamba kijijini mwalimu hahitaji pesa, Wyoming inaivunja. Kule nako ni kijijini.

MWANAISHA: Nataka uniambie kuhusu yule mwalimu. Uliniahidi.

KOMBO: Jina simtaji. Alikuwa anafundisha darasa la tatu, shule ambayo basi langu lilikuwa linaishia. Katika basi nilikuwa na watoto wa Kikongo, wanazungumza Kiswahili, wananiita Papa Kombo. Yule mama aliniomba nimfundishe kusema "karibu" na "umelala salama?" ili wanaposhuka awaamkie kwa lugha yao. Alikuwa ameandika maneno kwenye kikaratasi, amekibandika ndani ya jalada la daftari lake. Basi siku moja usiku nikaingia kituo cha mafuta kulipa. Nikasikia, "Karibu, Papa Kombo." Ni yeye, nyuma ya kaunta, amevaa fulana ya kituo. Vidole vyake bado vina wino wa kijani wa kalamu ya ubao.

MWANAISHA: Saa ngapi hizo?

KOMBO: Saa tatu na nusu usiku. Kando ya mashine ya kahawa ameweka rundo la daftari za watoto, anasahihisha wateja wakipungua. Nilimpa pesa ya mafuta, sikujua niseme nini. Akanirudishia chenji, akasema mtoto mmoja wa basi langu ameanza kusoma sentensi nzima. Ndilo alilotaka nilijue.

MWANAISHA: Yuko wapi sasa?

KOMBO: Alinitumia ujumbe Krismasi. Nyumba yake bado iko Sioux Falls, lakini anafundisha ng'ambo, Minnesota. Mpaka uko karibu, na hadi shuleni kwake ni dakika arobaini kwa gari kama barabara haina barafu.

MWANAISHA: Na Minnesota si ndiko wanakokata kodi ya mapato?

KOMBO: Wanamkata. Ameniandikia kwamba hata baada ya kukatwa anabaki na zaidi, na kazi ya usiku ameiacha.

MWANAISHA: Na wale watoto wa basi lako?

KOMBO: Mwaka ule walipewa mwalimu wa muda, halafu wa muda mwingine. Aliyefuata hakukiona kile kikaratasi cha maneno, maana yule mama alikuwa ameondoka nacho.