Pete Nyeupe Kwenye Picha ya Ubongo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi. Asanteni mlioteremka Moshi kutoka zahanati za Rombo, Siha na Hai. Leo nazungumzia picha za maambukizi ya ubongo, hasa jipu, yaani usaha uliojikusanya ndani ya ubongo.

Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa CT-skani ya kichwa, yaani eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuwa picha za vipande, London. Mwaka huohuo hospitali ya KCMC ikafunguliwa hapa kwetu. Kabla ya hapo eksirei ya kawaida ilituonyesha fuvu tu. Nyama ya ubongo haikuonekana.

Chukulieni kijana wa Pasua. Kichwa kimemuuma wiki mbili, homa inakuja na kuondoka, jana kaanguka degedege. Tunampiga CT-skani, tunamchoma dawa ya mshipa ya kung'arisha picha, na picha inatoa pete nyeupe yenye kiini cheusi. Ni jipu? Huenda. Lakini uvimbe wa saratani hutoa pete, kifua kikuu cha ubongo hutoa pete, na kwa mwenye VVU kuna toksoplazma, kimelea kinachoshambulia ubongo.

Hapo MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, inatufaa sana, kwa sababu inapima jinsi maji yanavyotembea. Usaha ni mzito kama mtori uliopoa: maji yake yamebanwa, na kiini cha jipu kinang'aa. Kiini cha uvimbe uliooza mara nyingi ni chepesi kama mchuzi, haking'ai hivyo. Si mara zote, ndiyo maana sisomi picha peke yake.

Tena pete haiji siku ya kwanza. Wiki ya kwanza utaona doa lisilo na mpaka. Ukuta wa jipu hujijenga kuelekea wiki ya pili. Picha ya mapema ikiwa haina pete, msimwambie mama mtu kwamba mwanawe hana kitu. Hali isipotulia, rudieni.

Homa ya uti wa mgongo ni jambo jingine. CT-skani yaweza kuwa safi kabisa huku mtu anakufa. Jibu liko kwenye maji ya uti wa mgongo. Ila mwenye degedege, aliyepooza upande au anayepoteza fahamu, apate picha kabla ya sindano ya mgongo ya kutoa maji hayo. Antibayotiki zisisubiri picha, nawasihi.

Na fomu zenu za kuomba picha, jamani. Naletewa fomu imeandikwa "kichwa kinauma", basi. Andikeni: sikio la kulia linatoa usaha tangu utotoni. Nikisoma hivyo, macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye ubongo ulio juu ya sikio lile, kwenye ubongo mdogo kisogoni, na kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.