Mama wa kuvumwani: habari za Elizabeth Britton, mhadhara niliotoa Malindi

Assalamu alaykum, hamjambo nyote. Walimu wangu, mama zangu hapo mbele, na nyinyi wanafunzi mliokuja na mabegi moja kwa moja kutoka shule, ahsanteni sana. Leo nawaletea habari za mama mmoja wa New York, Elizabeth Gertrude Britton, aliyeshughulika na kuvumwani, vile vimea vidogo vya kijani vya penye unyevu, karibu nusu karne, na kazi yote hiyo hakulipwa mshahara, na hilo la mshahara nitalirudia manake lanikera mpaka leo.

Kuvumwani mwaziona, ukutani chini ya tangi linalovuja, kwenye mawe ya magofu ya Gede mvua za masika zikishika. Hazina maua, hazina mbegu, hata mizizi ya kweli hazina. Zazaliana kwa spora, unga mwembamba kabisa, na kabla hizo spora hazijapatikana lazima chembe ya kiume iogelee kwenye maji mpaka ilifikie yai, kwa hivyo pasipo unyevu hakuna kizazi. Alafu kuna jamaa zao, livawoti. Baadhi ni bapa, zimelala juu ya udongo, na ile iitwayo Marchantia ina vikombe vidogo mgongoni, ndani mna vipande vidogo vya kijani, tone la mvua likianguka mle vyarushwa pembeni na kila kimoja chaweza kuwa mmea mzima. Mimi hiki kitu nikikiangalia kwa lenzi sichoki jamani.

Haya. Elizabeth alizaliwa 1858, jina la kwao Knight, na utoto wake mwingine aliupitishia Kuba ambako familia yake ilikuwa na shamba la miwa. Akasoma Normal College, New York, chuo cha kutoa walimu wa kike, akamaliza 1875 akiwa na miaka 17, akabaki palepale akifundisha. Zaidi ya hapo hakuwa na digrii ya juu. Lakini mwaka wa 1883 akatoa makala yake ya kwanza ya kuvumwani, na si makala ya kubabaisha: kulikuwa na aina moja, Eustichium norvegicum, wataalamu walishaijua lakini kile kifuko chake cha spora hakuna aliyekuwa amekieleza, yeye ndiye akakiona akakieleza. Mwalimu wa shule huyo!

1885 akaolewa na Nathaniel Lord Britton, aliyekuwa akifanya kazi Columbia College, chuo cha hapo New York, na mama huyu akashika mkusanyiko wa kuvumwani wa hapo Columbia, akaupanga, akaukuza, mwaka wa 1893 ukanunuliwa mkusanyiko mkubwa wa August Jaeger wa Uswisi ukaongezwa humo. Malipo hakuna. Kina Grout waliokuja kuwa majina makubwa ya kuvumwani Marekani walipita mikononi mwake, yeye mwenyewe hana shahada ya udaktari na awaongoza wanaoitafuta. Mwaka wa 1888 yeye na mumewe walikwenda Uingereza wakaiona bustani ya mimea ya Kew, na ni yeye aliyewaka, akasema kwa nini New York wasiwe na yao, akalipeleka jambo hilo kwenye klabu yao ya mimea, na 1891 sheria ya kuanzisha bustani ikapita. Bustani ikajengwa Bronx, sehemu ya jiji hilo hilo la New York, mume akawa mkurugenzi wa kwanza. Na mke? 1912 ndipo akapewa cheo cha mtunzaji wa kuvumwani, tena cha heshima tu, bila mshahara. Na nyinyi wasichana hapa nawaambia waziwazi, ile haikuwa haki, na kumsifu mtu kwa kujitolea kusitufanye tuone ni sawa.

Ila kwangu mimi kazi yake iliyo kubwa zaidi si bustani. Mwaka wa 1898 yeye na Grout walianzisha chama cha kuvumwani, kikapewa jina la Sullivant, mtaalamu wa kabla yao, na chama hicho kipo mpaka leo kwa jina jingine. Watu walikuwa wakitumiana sampuli kwa posta. Na kuvumwani ndiyo inayofaa kwa mambo hayo kuliko mmea mwingine wowote manake haina haja ya kubanwa wala dawa, unaikausha tu ndani ya karatasi, na hata ikikaa miaka na miaka ukiinyunyizia maji majani yafunguka tena unayasoma vizuri. Mtu aliye mbali na chuo, hana maabara, bahasha yake yafika na yahesabiwa sawa na ya profesa.

Alipigania na maua ya porini pia, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuyahifadhi mwaka wa 1902, akaandika, akahutubia mashuleni, akazunguka. Alifariki Februari 1934, na miezi michache baadaye mumewe naye akafariki. Kuna jenasi nzima ya kuvumwani, yaani kundi la aina zilizo karibu, yaitwa Bryobrittonia kwa ajili yake.

Sasa yule binti wa pale dirishani ameuliza aanzeje. Uanze hivi: tafuta lenzi ya mkono ile ya kukuza mara 10, na karatasi ukunje bahasha. Usibandue yote, chukua kipande kidogo, kama kina vifuko vya spora ni bora zaidi. Juu ya bahasha andika mahali, tarehe, na ilikuwa imeota juu ya nini, jiwe la matumbawe, gome la mwembe, udongo, manake bila hayo sampuli haina maana. Kuta za nyumbani kwenu zatosha kwa kuanzia, Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke usiguse kitu bila ruhusa. Ukishazikausha, tuwasiliane tuone namna ya kuzipeleka Nairobi, pale Makumbusho kuna herbaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa. Na usingoje sana, mvua ikikatika zajikunja zikawa kahawia, utazipita bila kuziona.