Usiipulize! Maiki za Kale Zilizolala Stoo za Tabora

ZUHURA: Mwangaluka, wasikilizaji! Tuko Tabora mjini, kiangazi kimekolea, vumbi mpaka kwenye chai. Kaka Mrisho leo kaja na kitu kakifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

MRISHO: Salama, dada Zuhura. Shika, lakini kwa mikono miwili.

ZUHURA: Loo, uzito wote huu! Si ndiyo ile maiki ya Elvis Presley, yule mwimbaji wa Marekani?

MRISHO: Ndiyo hiyo, Shure 55. Hata stempu ya Elvis iliyotoka Marekani mwaka 1993 ina maiki ya aina hii. Ya kwanza ilitoka 1939, kazi ya mhandisi Benjamin Bauer. Kabla yake, ukitaka maiki inayosikia mbele na kuziba sikio nyuma, ilibidi maiki mbili ziunganishwe ndani ya gamba moja. Ikawa kubwa, tena ghali. Bauer akafanya kwa koili moja tu, yaani ule mzingo mdogo wa waya unaotikiswa na sauti ndani ya maiki: sauti ya nyuma akaipitisha kwenye vinjia vya kuichelewesha, ikawa inajifuta yenyewe. Fikiria mwimbaji aliyesimama karibu na spika. Mluzi ule wa kuumiza masikio ukapungua.

ZUHURA: Umeipata wapi?

MRISHO: Isevya, kwa muuza chuma chakavu. Iko kwenye mizani pamoja na masufuria, ananiambia imekufa. Niliumia, dada. Huu ni mji wa bendi za zamani, wa Tabora Jazz, wa Kiko Kids, wa Nyanyembe Jazz! Vyombo vingi vimepita hapa, na vilivyobaki viko chini ya vitanda vya wazee, stoo za misikiti, makanisa, shule. Vikitoka huko vinakwenda kuyeyushwa.

ZUHURA: Sasa mtu akiikuta hiyo maiki stoo, anaanzia wapi? Mimi ningeipuliza kwanza, puu puu, nisikie.

MRISHO: Usiipulize! Tafadhali, anayetusikiliza alishike hili hata akisahau mengine yote. Kuna maiki za utepe. Ndani yake kuna utepe wa alumini wa maikroni 2 hivi, unywele wa kichwani ni mnene mara nyingi kuliko huo, umening'inia katikati ya sumaku. Pumzi moja ya nguvu, umelegea au umekatika. Maiki nyingi za zamani za kampuni ya RCA ziko hivyo, na ile 4038 iliyobuniwa na redio ya BBC. Kama huijui maiki, ihesabu kuwa ni ya utepe mpaka uhakikishe. Wala usiigonge. Ongea tu, kama unavyoongea na jirani.

ZUHURA: Na hii yako ilikuwa na nini?

MRISHO: Kwanza waya. Mara nyingi maiki inasingiziwa kifo kumbe waya umekatikia kwenye plagi. Fundi redio wa Ng'ambo akaulehemu. Tukachomeka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, sauti ikaja ya mbali, kama mtu yuko ndani ya gunia. Tukaigeuza, tukaona kiswichi kina herufi L, M, H. Hiyo ni impidansi, yaani ukinzani wa umeme wa maiki: L wa chini, M wa kati, H wa juu. Ilikuwa kwenye H, ya kuingilia amplifaya za valvu za zamani. Mikisa za leo zinataka L. Fundi akasogeza, na ile sauti ikajaa chumba. Nilisimama, nakwambia.

ZUHURA: Kiswichi tu!

MRISHO: Tu! Zipo zisizo na kiswichi, ni za H peke yake. Hizo zinataka transfoma ndogo ya kulinganishia na waya mfupi, maana ukivuta waya mita nyingi, sauti kali zote zinapotelea njiani. Halafu, kabla ya kuchomeka maiki usiyoijua, zima ule umeme wa volti 48 ambao mikisa hupeleka kwa maiki zinazouhitaji. Waya ukiwa umeungwa vibaya, umeme huo unaua utepe.

ZUHURA: Naona kama kuna unga mweusi kwenye wavu.

MRISHO: Unga wa chuma. Muuzaji yule kapakana na wachomelea mageti, na sumaku ya ndani inavuta. Usiufute kwa kitambaa, utausukuma ndani. Bandika selotepu, bandua, rudia. Na maiki za kristali, zinazonasa sauti kwa kipande cha chumvi iliyoganda, zisiachwe kwenye gari juani. Ile chumvi yake, inayoitwa ya Rochelle, joto la nyuzi 55 linaimaliza, na unyevu nao unaila.

ZUHURA: Ngoja nihamie kwako. Haya, naongea kwenye yako sasa. Moja, mbili... Eeh! Sauti yangu imesogea mbele.

MRISHO: Umesikia? Besi ya chini haina, wala vile vikali vya juu. Imebeba katikati, pale maneno yanapokaa. Zeze nisingelirekodi kwa hii, nyuzi zingefifia. Lakini sauti ya mtu mzima anayesimulia, hapo naichagua kuliko mpya. Nimeshauriwa niitoe moyo, niweke koili ya kisasa, libaki gamba la kupendeza. Sikubali. Koili yake bado inafanya kazi.

ZUHURA: Basi kesho twende nayo kwa mzee wetu Gongoni, yule aliyekuwa akipiga besi.

MRISHO: Nimeshamwambia. Kasema twende asubuhi, kabla upepo haujaanza, na yeye ana moja yake kwenye sanduku.

ZUHURA: Haipulizi?

MRISHO: Nilimpigia simu mara mbili kumwomba asiipulize.