Jinsi birayi vinavyoitwa katika Kiesperanto
Wamama na wababa, wakubwa kwa wadogo, karibuni. Leo nashika neno moja tu la Kiesperanto: terpomo. Ndiyo birayi, yaani viazi ulaya, hivi vinavyotuteremkia hapa mjini Goma kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibumba.

Kiesperanto kilitungwa na daktari wa macho, Ludwik Zamenhof, akakitoa Warsaw mwaka 1887. Wengi hudhani mtunga lugha hujifungia ndani akabuni sauti ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Zamenhof aliokota mizizi iliyokuwa tayari vinywani mwa watu. Tero ni ardhi, kutoka Kilatini terra. Pomo ni tufaha. Ziunganishe, upate tufaha la ardhini. Mliosoma Kifaransa mmeshalitambua: pomme de terre. Waholanzi nao wana aardappel, maana ileile.

Lakini kwa nini tufaha? Hapa naomba tukae kidogo. Kirayi kilizaliwa milima ya Andes, na wasemaji wa Kikechua hukiita papa. Wahispania walipokibeba, jina hilo likachanganyika na batata, kiazi kitamu cha visiwa vya Karibi, likazaliwa patata. Waitaliano walikifananisha na uyoga unaoota chini ya udongo, wakakiita tartufolo, na humo ndimo Wajerumani walimopata Kartoffel. Kila taifa lilimpa mgeni jina la chakula lilichokijua.

Sisi tuliangalia alikotokea. Ibirayi, kwa Kinyarwanda, imebeba Uburayi ndani yake, yaani Ulaya. Waswahili wa pwani nao husema viazi ulaya. Andes haimo kabisa. Hilo linaniuma, maana wakulima wa kule walikilima maelfu ya miaka kabla Mzungu hajakiona.

Je, Kiesperanto kingeweza kuwarudishia heshima yao kwa kusema papo, yaani papa ya Kikechua kwa umbo la Kiesperanto? Hapana, papo humo ni Baba Mtakatifu wa Roma! Na terpomo ina faida ambayo mimi naithamini sana: haimdai mwanafunzi mzizi mpya hata mmoja. Akishajua tero, ana nusu ya terpomo, na ana nusu ya tertremo pia, tetemeko la ardhi, neno ambalo sisi tunaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo tungeliomba somo la kwanza kabisa.