Tuchore Ketuba ya Isfahan

Haya, karibuni mezani. Leo tunachora ketuba, mkataba wa ndoa wa Kiyahudi, kwa mtindo wa mji wa Isfahan, Iran, karne ya 19. Sisi ni wa mapambo tu. Kama kuna watu wanaooana kweli, maneno ya mkataba waachie rabi.

Chukua karatasi nene, uipake chai ya rangi kwa sponji ili ipoteze ule weupe wa dukani. Ikauke kabisa.

Anza katikati, usianze na maua! Ukianza na maua, maandishi yatabaki na nafasi ya risiti. Piga mstatili mkubwa, weka mistari kwa penseli. Maandishi ni ya Kiaramu kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Humo hutajwa haki ya mke akiachwa au akifiwa na mume: zuz 200, yaani sarafu za fedha za kale, kwa anayeolewa mara ya kwanza, pamoja na nyongeza ya mume. Waislamu mnaonitazama mtakumbuka mahari inayobaki deni. Chini acha pa mashahidi 2 kutia sahihi.

Kuzunguka mstatili, chora pindo kama la zulia: maua, majani, ndege wawili wawili.

Sasa simba. Wachore wawili wakitazamana, na mgongoni mwa kila mmoja jua linachomoza. Jua lenyewe lina uso wa mtu, macho makubwa, nyusi zimeungana. Simba na jua ilikuwa nembo ya dola ya Uajemi enzi za wafalme wa Qajar. Wayahudi wakaitia kwenye ndoa zao. Simba wangu wa kwanza alikuwa paka aliyenyeshewa, kwa hiyo usikate tamaa. Mnenepeshe shingo.

Paka rangi: nyekundu, njano, buluu, kijani. Jua liache mwisho.

Wakati inakauka, niwaambie ya Mashhad, mji mwingine wa Iran. Mwaka 1839 Wayahudi wa huko walilazimishwa kusilimu. Hadharani waliishi kama Waislamu, wakafunga ndoa kwa hati ya Kiislamu. Nyumbani, kwa siri, waliandika ya pili, ketuba. Ndoa moja, karatasi mbili, na moja ilikuwa ya kufichwa.

Gusa kwa kidole. Haishiki? Futa penseli taratibu, kisha pitia nyusi za jua kwa wino mweusi, brashi nyembamba kuliko zote ulizonazo.