Nchi Iliyozama Kati ya Asia na Amerika

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Siberia na Alaska zinatenganishwa na Mlangobahari wa Bering, upana wake kilomita 85 hivi, na kina ambacho kwa sehemu kubwa hakizidi mita 50. Kishikeni hicho kina, kwa sababu ndicho kilichoamua mambo. Miaka kama 20,000 iliyopita, enzi ya barafu ilipofikia kilele, maji mengi mno yaliganda juu ya nchi kavu, na bahari zote duniani zikashuka kwa zaidi ya mita 100. Mlangobahari ule ukakauka kabisa.

Ramani za shule huchora hapo mshale mwembamba, kana kwamba watu wa kwanza kuingia Amerika walipanga foleni wakavuka. Mimi mshale ule siupendi. Nchi ile, ambayo wataalamu huiita Beringia, kutoka kaskazini hadi kusini ilifika kilomita 1,000. Sehemu kubwa yake haikufunikwa na barafu, maana ilikuwa kavu mno, theluji ilikuwa haba. Palikuwa na majani, farasi mwitu na mamothi, yule ndugu wa tembo mwenye manyoya. Watu walifuata nyama, wakazaa, wakazika. Hakuna aliyejua kwamba anahama bara. Na baridi hawakuanza kuizoea hapo: kwenye Mto Yana, kaskazini kabisa mwa Siberia, watu walikuwa wakiishi zaidi ya miaka 30,000 iliyopita.

Kikwazo kilikuwa mbele. Karibu Kanada yote ilikuwa chini ya barafu, kutoka Atlantiki hadi Pasifiki, na njia ya katikati, ule upenyo kati ya barafu ya mashariki na ya magharibi, haikupitika mpaka miaka elfu kumi na tatu na ushei iliyopita. Kwa muda mrefu hilo halikusumbua mtu, kwa kuwa zana za mawe za Clovis, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, zilizodhaniwa kuwa za watu wa kwanza wa Amerika, zina umri wa miaka 13,000 hivi. Barafu ikafunguka, watu wakapita. Hesabu ilikaa sawa, na walioihoji walionekana wakorofi.

Kisha zikaja nyayo. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba nyayo za watu huko White Sands, New Mexico hiyohiyo, zina miaka 21,000 hadi 23,000. Wapinzani wakasema: mmepima mbegu za mmea wa majini, na mimea ya majini hunyonya kaboni ya zamani, ikaonekana mizee kuliko ilivyo. Pingamizi la haki kabisa. Mwaka 2023 wakarudi na chavua ya misonobari, mimea ya nchi kavu, pamoja na chembe za mchanga zilizopimwa kwa njia nyingine. Majibu yakawa yaleyale. Wapo wasioridhika hadi leo; mimi nimeridhika.

Sisi wa Tanzania tuna nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, kwa hiyo hatubabaishwi na nyayo. Lakini White Sands kuna msururu mmoja, ambao umri wake kamili haujulikani, wa kilomita moja na nusu. Mtu mdogo wa umbo, pengine mwanamke kijana, anatembea haraka kwenye tope akiwa amebeba mtoto. Hapa na pale nyayo ndogo zinajitokeza, mtoto ametuliwa kidogo, kisha anabebwa tena. Baadaye mtu yuleyule anarudi kwa njia ileile, bila mtoto. Katikati ya safari hizo mbili, mamothi amepita akakanyaga nyayo za kwanza.

Sasa, kama watu walikuwa New Mexico miaka 21,000 iliyopita, njia ya katikati ilikuwa bado imezibwa. Ama walipita kabla haijafungwa, ama walishuka kwa vyombo kando ya Pasifiki, wakila samaki na chaza. Mimi naegemea pwani. Taabu ni kwamba barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, na sehemu kubwa ya pwani waliyoipita sasa iko chini ya maji, kambi na mabaki yake humohumo.

Haya, naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Karibu, uliza.